Marsabit: Watu Sita kwa Kilomita



Leo naanza na namba moja: sita. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 459,785 katika Kaunti ya Marsabit, huko kaskazini mwa Kenya. Ukiigawa idadi hiyo kwa ardhi yao, ambayo inakaribia kilomita za mraba 71,000, unapata watu sita na kitu kwa kila kilomita ya mraba. Sensa hiyohiyo, usiku uleule, ilikuta Nairobi ina watu zaidi ya 6,200 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa kila mtu mmoja wa kule, huku tuko karibu elfu.

Hesabu hiyo haina kosa. Shida ni kwamba hao watu sita huwapati mahali popote Marsabit. Simama katikati ya jangwa la Chalbi saa sita mchana: mbele chumvi nyeupe, nyuma chumvi nyeupe, na mtu hakuna. Simama Moyale siku ya soko, mpakani na Ethiopia, ambako mji mmoja wenye jina moja umegawika nchi mbili: huna pa kuweka mguu. Simama mjini Marsabit penyewe asubuhi, ukungu umeshuka kutoka msituni, watu wamevaa masweta, na miraa inapakuliwa kwenye gari. Ukishuka mlima kwa mwendo usiozidi saa moja, sweta utalivua mwenyewe.

Mimi ugomvi wangu ni na wale wanaoisikia namba sita na kuelewa kwamba kule hakuna watu. Nimewasikia wakisema hivyo kwenye mabaraza ya siasa na nimewasikia wakisema hivyo kwenye meza za chai. Nchi tupu, wanasema. Basi leo, kwa ruhusa yako, nataka tuitembelee hiyo nchi tupu.

Kwanza ukubwa wake. Marsabit ni kaunti namba kumi kati ya kaunti 47 za Kenya. Chukua Rwanda yote, uiunganishe na Burundi yote, uziweke ndani ya Marsabit. Zitaingia na nafasi itabaki. Eneo bunge lake moja tu, North Horr, lina zaidi ya kilomita za mraba 38,000, yaani peke yake linaishinda Rwanda. Mbunge wa North Horr akitaka kusalimia wapigakura wake wote anahitaji mafuta ya gari zaidi kuliko maneno. Maeneo bunge mengine ni matatu: Saku, ambalo ndilo mlima na mji mkuu, Laisamis upande wa kusini na magharibi, na Moyale mpakani.

Ndani ya ukubwa huo wanaishi Waborana, Wagabra, Warendille, Wasamburu, Waburji, Wagarre, Wasakuye, Waturkana, Wadasanach, Wakonso, Wawaata na Waelmolo, na wenyeji wenyewe hupenda kusema makabila yao ni kumi na manne. Sokoni wanakutana kwa Kiswahili. Ni Kiswahili chao, kimekauka kidogo, hakina madoido ya Mvita, lakini mbuzi ananunuliwa na kuuzwa kwa lugha hiyo bila mkalimani, na redio ya huko iitwayo Jangwani inarusha matangazo yake hewani hadi kwenye maboma ambako gazeti halijawahi kufika.

Sasa tuje kwenye maji, maana Marsabit yote ni habari ya maji. Mlimani mvua huweza kufika milimita 800 kwa mwaka. Chalbi mara nyingi haifiki 200, na hizo hazianguki kwa mpangilio. Mvua inaweza kunyesha kwenye bonde hili na kuliacha bonde la pili kavu, watu wakaitazama tu kwa mbali. Halafu kuna kitendawili ambacho Wagabra wanakijua tangu utoto: penye maji hapana majani, na penye majani hapana maji. Kandokando ya Chalbi, Kalacha na Maikona na North Horr, kuna chemchemi zisizokauka, lakini malisho ya karibu yameisha zamani. Vilima vya Huri, kule kaskazini, vina nyasi nzuri ajabu baada ya mvua, lakini maji ya kudumu havina. Mfugaji anayekaa Huri anafuata maji kwa mwendo wa siku, ngamia wamebeba mitungi.

Anawezaje? Anaweza kwa sababu anamfuga ngamia, na ngamia aliyekula vizuri hukaa siku kumi na zaidi bila kunywa. Ng'ombe hawezi, ng'ombe ukimzidisha siku tatu unamuua. Mbuzi yuko katikati. Ukizijua siku hizo umeshaijua ramani ya Marsabit: wenye ng'ombe, hasa Waborana, wako mlimani na karibu na visima; wenye ngamia, Wagabra na Warendille, wako bondeni na jangwani. Mpaka kati yao umechorwa na tumbo la mnyama.

Ningependa ukione kisima kimoja cha Waborana, vile visima vya kale vinavyoitwa visima vya kuimba. Viko vichache karibu na mji wa Marsabit, na vingi zaidi ng'ambo ya mpaka. Kisima chenyewe ni kirefu kwenda chini, na juu yake pamechimbwa njia pana inayoteremka, ili wanyama washuke hadi kwenye hori la udongo. Ndani ya shimo vijana wamepangana, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja amekanyaga ukingo wake au gogo lililopachikwa ukutani. Wa chini kabisa anachota, anarusha ndoo juu, wa pili anaidaka na kuirusha, wa tatu, wa nne, hadi horini. Ndoo tupu inarudi chini huku nyingine imejaa inapanda. Zamani ndoo zilikuwa za ngozi ya twiga. Siku hizi ni galoni ya plastiki iliyokatwa juu. Na wanaimba, kwa sababu bila wimbo mikono haipatani: ukichelewa nusu pumzi, ndoo ya maji inamwangukia usoni aliye chini yako.

Juu, mambo ni ya kimyakimya zaidi, na kwangu mimi ndiyo yenye mafunzo. Kisima kina mwenyewe, yaani ukoo wa aliyekichimba au kukifufua, na pia kina msimamizi wa zamu, ambaye Waborana humwita *abba herega*. Huyu ndiye anayejua leo ni kundi la nani, kesho la nani, na mgeni aliyefika na ng'ombe wake kutoka mbali ataingizwa wapi. Mtu akitaka maji ya kunywa hanyimwi. Mifugo ya mgeni husikilizwa, lakini hungoja. Anayerusha matope ndani ya hori, au anayevunja zamu, hupelekwa mbele ya wazee na kutozwa faini. Huo ni utawala, msikilizaji. Una bajeti, ambayo ni maji. Una sheria, una mahakama, na haujawahi kupelekewa hata kalamu kutoka Nairobi.

Watu wanaotawaliwa hivyo hawawezi kukaa pamoja wakawa wengi. Wakijazana kwenye kisima kimoja, majani ya pale yataisha kwa wiki mbili na wanyama watakufa huku maji yapo. Kwa hiyo familia hugawana kazi. Nyumbani, penye shule au zahanati au kituo cha maji, wanabaki wazee, akina mama na watoto wadogo, pamoja na wanyama wachache wa maziwa. Makundi makubwa yanapelekwa mbali na vijana, kwenye kambi za malisho zinazoitwa fora. Huko wanalala nje, wanakunywa maziwa, na wanahama kila malisho yanapopungua. Bonde unaloliona tupu leo lina mwenyewe, naye ameliacha kwa makusudi ili limee, na atarudi.

Usiku wa sensa ile ulikuwa wa tarehe 24 Agosti. Agosti ni kiangazi. Yaani karani wa sensa alipita na kishikwambi chake wakati ambapo fora ziko mbali kuliko wakati mwingine karibu wowote wa mwaka. Sitasema wangapi walisahauliwa, lakini nashangaa sana nikisikia mtu akizitaja takwimu za wafugaji kwa imani ileile anayozitaja takwimu za Kiambu. Majirani wa Mandera, Wajir na Garissa walikwenda mahakamani kuzipinga za kwao.

Tumefikaje mahali ambapo namba ya vichwa inaamua kila kitu? Kuna historia hapa, nayo ni chungu.

Waingereza walipolichukua eneo hili walilifanya kuwa kinga, ukuta wa kuwazuia wengine wasiwakaribie. Mwaka 1902 walitunga sheria ya wilaya za pembezoni, na kwa sheria hiyo mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 wakaongeza nyingine, iliyowapa maofisa uwezo wa kuadhibu kabila zima kwa kosa la mtu mmoja. Sehemu yote ya juu ikaitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Shule? Karibu hakuna. Barabara? Za jeshi. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ulikuja pamoja na vita vya Shifta na amri ya hali ya hatari. Vita vilikoma 1967. Sheria za hali ya hatari zilikaa hadi 1991. Mkenya wa Marsabit aliyezaliwa siku ya uhuru alikuwa na umri wa karibu miaka 28 kabla hajaishi chini ya sheria zilezile alizoishi nazo Mkenya wa Nyeri.

Na hapa nikueleze jambo ambalo kila nikilifikiria linanikera upya. Katika msitu wa Marsabit aliishi tembo mmoja maarufu, Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi, kila moja ikipita kilo 60. Watu duniani kote waliiandikia serikali barua wakimwombea asiuawe na majangili, na mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri ya kumlinda. Ahmed akapewa walinzi usiku na mchana hadi alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Mifupa yake iko katika jumba la makumbusho Nairobi, na sanamu yake imesimama hapo nje. Pengine umewahi kupiga picha nayo. Sina kinyongo na tembo. Lakini mwaka huohuo wa 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyowatendea raia wakati wa vita vya Shifta, na sheria hiyo iliitaja Marsabit kwa jina, pamoja na Isiolo, Tana River, Lamu na mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki. Mwaka mmoja, wilaya moja: tembo analindwa na bunduki, binadamu ananyimwa mahakama.

Kabla ya hapo, mwaka 1965, serikali ilikuwa imetoa waraka wake maarufu namba kumi, ule wa ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake paliandikwa waziwazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa haraka, penye mvua nzuri, udongo mzuri, reli na barabara. Zikizaa, faida itawafikia wengine. Ukisoma waraka ule kwa macho ya mtu wa Laisamis unaona umeambiwa ungoje. Aliungoja mgao miaka 45, hadi Katiba ya 2010. Wala si ajabu kwamba wazee wa kaskazini walizoea kumwuliza msafiri kutoka kusini: Kenya hawajambo?

Sasa hivi swali hilo linafifia, na kilicholififisha ni lami. Zamani kutoka Isiolo hadi Moyale, kilomita 500 na kitu, ulipanda juu ya lori la ng'ombe, ukajifunga kwa kamba kwenye vyuma, ukala vumbi siku mbili au tatu, na malori yalikwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi kwa hofu ya majambazi. Mawe ya uwanda wa Dida Galgalu yalipasua magurudumu kama wembe. Barabara ilijengwa kipande baada ya kipande, kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na wengineo, ikakamilika katikati ya muongo uliopita. Leo basi linaondoka Nairobi jioni na asubuhi liko Moyale. Desemba 2020 rais na waziri mkuu walikuja kufungua kituo cha pamoja cha mpakani: Uhuru Kenyatta upande huu, Abiy Ahmed upande ule. Nyanya za Meru sasa zinafika Marsabit zikiwa bado ni nyanya. Mbuzi wa Turbi anafika Nairobi bado ana nguvu ya kumpiga pembe mnunuzi.

Lakini lami ni mstari mmoja tu. Toka nje yake uende Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 200 kutoka makao makuu ya kaunti, au Illeret kule juu kabisa, ambako wanaishi Wadasanach, na utajua kwamba mwanamke mwenye uchungu wa uzazi uliokwama hana habari ya barabara kuu inayotoka Cairo kwenda Cape Town. Yeye anauliza kama gari la zahanati lina mafuta.

Loiyangalani yenyewe ni mahali pa kushangaza. Hapo karibu wanaishi Waelmolo, wavuvi, mojawapo ya makabila madogo kabisa nchini. Lugha yao ya asili imewatoka na sasa wanazungumza Kisamburu. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yalikata njia zao na kufunika sehemu za makazi yao. Kaskazini zaidi kuna Sibiloi na Koobi Fora, ambako timu ya Richard Leakey ilichimbua mabaki ya binadamu wa kale. Fuvu maarufu namba 1470 liliokotwa huko mwaka 1972 na Mkenya Bernard Ngeneo. Kwa hiyo nchi tupu imekuwa na watu kwa muda mrefu kuliko Nairobi, kwa takriban miaka milioni mbili.

Na kuna upepo. Kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru upepo hupita kila siku kama umeajiriwa. Wawekezaji waliuona, wakasimamisha mitambo 365 huko Sarima, eneo bunge la Laisamis, yenye uwezo wa megawati 310. Ilipokamilika ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila kazi kwa sababu laini ya kupeleka umeme Suswa, kilomita 400 na zaidi, haikuwa tayari, na gharama ya kuchelewa ikamwangukia Mkenya mlipa bili. Ikawashwa 2018, ikazinduliwa rasmi Julai 2019. Leo umeme wa Laisamis unawasha taa katika vyumba vya Nairobi.

Nyumba zilizo chini ya mitambo hiyo nyingi bado zinatumia kurunzi. Nyaya zinapita juu yao zikienda kwa wengi. Ardhi iliyotolewa kwa mradi ilikuwa ekari 150,000, na ilitolewa enzi za baraza la wilaya, kwa sababu kwenye karatasi ilionekana haina mtu. Wenyeji walikwenda mahakamani. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikaamua kwamba hatimiliki zile zilipatikana kinyume cha utaratibu, na kesi ikaendelea kwa rufaa. Uamuzi wa mwisho uwe upi, jambo moja lilikwisha kujitokeza: ardhi ya malisho ya kuhama ilisomwa kama ardhi isiyotumika. Ni namba sita ileile, sasa imevaa suti.

Nisije nikakupa picha ya watu wema wanaoonewa na wageni tu. Marsabit inajiumiza yenyewe pia. Tarehe 12 Julai 2005, alfajiri, kijiji cha Turbi kilivamiwa na watu wakauawa wakipita sitini, miongoni mwao wanafunzi zaidi ya ishirini wa shule ya msingi. Taifa lilishtuka kwa wiki moja, kisha likaendelea na mambo yake. Wabunge wa eneo hilo walianza kazi ya upatanisho, na tarehe 10 Aprili 2006 wakapanda ndege kwenda kwenye mkutano wa amani. Ndege ikagonga mlima wa Marsabit katika ukungu. Walikufa watu kumi na wanne, akiwamo Bonaya Godana wa North Horr, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, pamoja na Titus Ngoyoni wa Laisamis, Abdi Sasura wa Saku na Guracha Galgallo wa Moyale. Hesabu maeneo bunge niliyokutajia mwanzoni. Yote manne yalipoteza wabunge wao kwa dakika moja, wakitafuta amani.

Hata hivyo amani haikuja. Mei 2022 serikali ilitangaza kafyu Marsabit baada ya mauaji mengi ya kulipizana kisasi. Chanzo kinasemwa ni wizi wa mifugo, na wizi upo. Lakini tangu ugatuzi uingie 2013 kuna kitu kingine kinachogombaniwa, nacho ni ofisi ya gavana na bajeti yake. Katika kaunti yenye makabila mengi na kura chache, muungano wa makabila mawili au matatu unatosha kutwaa kiti na kuwaacha wengine nje, na kila familia inayohamia eneo jipya inatazamwa kama kura inayohama. Kwa hiyo namba zinaumiza pande zote mbili: Nairobi inawaona wachache mno, na wao kwa wao kila kabila linawaona wenzao ni wengi mno.

Ukame wa kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 ulikuwa na misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo. Mizoga ililala kando ya ile lami nzuri. Nataja ukame kwa sababu ya jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: bima ya mifugo inayotumia setilaiti ilijaribiwa kwa mara ya kwanza kule Marsabit, Januari 2010, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ILRI. Setilaiti inapima ukijani wa malisho kutoka angani. Ukishuka chini ya kiwango fulani, mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitolewa mwishoni mwa 2011. Baadaye serikali ikaichukua na kuipeleka kaunti nyingine za wafugaji. Ina kasoro zake, maana setilaiti haijui kama kichaka kile cha kijani ni mmea unaolika au gugu la mathenge. Lakini ona walichofanya watafiti wale: waliacha kupima vichwa, wakapima ardhi. Wagabra na Warendille walikuwa na bima yao kabla ya hapo, ile ya kumkopesha jamaa ngamia jike wa maziwa ili mifugo yako isiwe yote mahali pamoja ukame unapopiga.

Nimefika penye fedha. Katiba inaitaka Seneti, kila baada ya miaka mitano, ipange namna ya kuzigawia kaunti mgao wao. Mfumo wa kwanza uliipa idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa kwa wote 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na nidhamu ya fedha 2. Na huo ukubwa wa ardhi ulikuwa na kikomo, ili kaunti kubwa mno isichukue sana. Kikomo hicho kiliibana Marsabit. Mwaka 2020 ulipoletwa mfumo mpya ambao ungepunguza mgao wa kaunti nyingi za kaskazini na Pwani, Seneti ilikwama kwa wiki na wiki, kura zikapigwa zikakataliwa, maseneta watatu wakakamatwa Agosti. Septemba wakapatana: kiasi cha jumla kikaongezwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili asiwepo wa kupoteza. Walikwepa swali kwa kuongeza supu.

Swali lenyewe halijaondoka. Mwaka 2024 wanasiasa wa Mlima Kenya waliufufua msemo wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Una mvuto, siukatai; mtu wa Kiambu aliyebanana na wenzake katika wodi moja naye analipa kodi. Lakini hebu tuufanyie hesabu. Chanjo ya mtoto wa Thika na chanjo ya mtoto wa Illeret ni chupa ileile, kwa bei ileile. Ya Thika inafika kwa bodaboda. Ya Illeret inahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, madereva wawili, mafuta ya kwenda na kurudi, tairi mbili za akiba, friji inayotumia jua, na wakati mwingine polisi. Ukimpa kila mtoto shilingi moja, wa Thika amechanjwa na wa Illeret amelipiwa nauli ya kufika Maikona.

Kaunti hii yenyewe nayo ina maswali ya kujibu. Fedha za ugatuzi zimeingia tangu 2013, na bado mji wa Marsabit unanunua maji kwa malori. Bwawa la Badasa, lililotarajiwa kuumaliza uhaba huo, lilikwama miaka mingi iliyopita, na hilo lilikuwa la serikali kuu. Visima vilivyochimbwa na kuachwa bila fundi wa pampu ni lawama ya wote wawili, kaunti na serikali kuu. Mwenye *herega* angeshawatoza faini.

Sensa ijayo, ratiba ya miaka kumi ikifuatwa, ni ya 2029. Ombi langu kwa watakaoipanga ni dogo: msiifanye kiangazi kwa wafugaji, au mkiifanya, wapeni makarani ngamia na siku za ziada waende fora. Na kwako seneta, uwe wa kaunti gani, mfumo utakaporudi mezani, kikomo cha ardhi kisiwepo, na gharama ya kumfikia mtu iwe na fungu lake. Anayebisha asafirishe chupa moja ya chanjo kutoka mjini Marsabit hadi Illeret kwa mfuko wake mwenyewe, kisha aje tuzungumze.